Kipimo Ndani ya Ndoo

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda cha kutia rangi vitenge, kando ya mto. Jina lake Asangwile. Nasema mapema, kabla hamjaanza kuokota mawe, kwamba hakuwa mtu mbaya. Wafanyakazi wake aliwajua kwa majina, na misiba yao alihudhuria bila kutuma mwakilishi. Mabaya mengi niliyoyaona maishani yamefanywa na watu wa namna hiyo, na hili ni mojawapo, na mimi nimo.

Zamani kiwanda kile kilichoma magogo mchana kutwa, na maji ya rangi yaliingia mtoni moja kwa moja. Asangwile akaona aibu. Akanunua mitambo mipya inayoendeshwa na kompyuta, kila kitu kikawa kinapimwa: maji yanayoingia, umeme, joto la mapipa, hata rangi ikahesabiwa tone kwa tone. Na tuseme kweli, mitambo ile ilifanya kazi. Kuni zilipungua nusu. Nyuma ya kiwanda akachimba bwawa, akapanda matete, ili maji machafu yatulie humo siku tatu na kuchujwa kabla ya kutoka. Kwenye mfereji wa kutokea, hatua chache kutoka mtoni, akatumbukiza kipimo chenye waya mrefu, nao waya ukaenda hadi kwenye skrini kubwa iliyotundikwa juu langoni ili kila apitaye asome. Maji yakiwa safi, skrini ni ya kijani. Yakiwa machafu, ni nyekundu.

Siku ya kuizindua nilialikwa kuiombea. Nilinyoosha mkono mbele ya skrini ile nikasema maneno mengi. Asangwile akaapa mbele yetu sote kwamba siku itakapokuwa nyekundu, mashine zote zitasimama. Tukasema amina, tukala pilau.

Kazi ya kutunza kipimo alipewa mama mmoja wa usafi, Tusekile, aliyekuwa na miaka kumi na miwili kiwandani. Kila asubuhi akitoe mferejini, akifute, akirudishe. Hakuwa na maneno mengi, lakini kazi yake aliiheshimu.

Mwaka wa pili yakaja maagizo ya vitenge, mengi kuliko uwezo wa bwawa. Mashine unaweza kuiharakisha. Matete hayaharakishwi. Maji yakawa yanakaa siku moja badala ya tatu, na skrini ikawa nyekundu. Siku ya kwanza Asangwile alisimamisha mashine kama alivyoapa. Siku ya pili akasimamisha tena, watu wakakaa kivulini wakipiga soga. Siku ya tatu simu za wateja zikamzidi nguvu. Akaenda mferejini mwenyewe, akakivuta kipimo kwa waya wake, akakitia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Skrini ikawa ya kijani. Ndani ya kompyuta hakugusa kitu. Kipimo nacho hakikusema uongo. Kilisema kweli tupu kuhusu ndoo.

"Wiki moja tu, mama," alimwambia Tusekile.

Wiki hiyo ilikwenda miezi minane. Tusekile akawa sasa anatunza ndoo. Kila asubuhi alimwaga maji ya jana, akachota mapya bombani, akayafunika kwa sinia ili nzi wasiingie. Ndoo ikapata mtunzaji, mto ukakosa. Mtaniuliza kwa nini hakusema. Ana watoto, ana kodi ya nyumba. Nani hapa hajawahi kunyamaza akilinda ugali wake? Basi tumwache.

Akina mama wa bondeni, wanaofua na kumwagilia mchicha, wakaanza kulalamika. Mashuka meupe yalitoka na rangi ya samawati, watoto walijikuna hadi damu. Walipokwenda kiwandani, mlinzi aliwaonyesha skrini akasema someni wenyewe. Wakasoma, wakarudi nyumbani wakiyashuku macho yao. Kisha wakaja kwangu. Mimi niliteremka nao mtoni, nikainama, nikaona maji yana rangi ya wino. Niliyaona kwa macho haya. Nikawaambia mitambo ya kisasa haikosei, na kwamba waache majungu. Skrini nilikwisha kuiombea mbele ya watu, ningeanzaje kuikana? Wale akina mama waliniamkia kwa heshima wakaondoka, na mmoja wao mtoto wake alikuwa mgongoni na vidonda.

Cha ajabu, Asangwile mwenyewe akaanza kuiamini skrini. Yeye aliyeiweka ndoo kwa mkono wake, asubuhi akipita langoni akaona kijani, moyo wake ulitulia kabisa. Ukiwadanganya watu kila siku, mwishowe na wewe unajikuta kwenye foleni ya wanaodanganywa.

Sasa, Asangwile alikuwa na mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye alikuwa ameikimbia dini maisha yake yote. Mwaka ule akakubali kubatizwa. Kwetu, mnajua, tunabatiza mtoni, mtu anazamishwa mzima akiwa na kanzu nyeupe. Asangwile alifurahi hadi akalia. Akamshonea mama yake kanzu mpya, na Jumapili tukateremka na kwaya hadi nyuma ya kiwanda, mahali ambapo skrini ya langoni inaonekana na maji yana kina cha kiuno.

Nikatangulia kuingia. Rangi ikaanza kupanda kwenye kanzu yangu kutoka chini, polepole, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Wote waliona. Kwaya iliona, ikaendelea kuimba. Nikamtazama Asangwile aniokoe. Naye akageuza macho, akatazama kule langoni, na skrini ilikuwa ya kijani. Basi nikanyoosha mikono kumpokea yule bibi. Ndugu zangu, ningemzamisha. Nilikuwa nimekwisha kumshika vidole.

Ndipo Tusekile akateremka ukingoni na ndoo kichwani, kipimo kikiwa bado kimo ndani, waya ukiburuzika nyuma yake. Akaitua chini, miguuni pa bibi.

"Mchungaji," akasema, "mbatizie humu. Haya ndiyo maji pekee tunayoyapima."

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Yule bibi hakujua mambo ya mitambo, ila mwanawe alimjua tangu tumboni. Alimtazama tu. Asangwile akavua viatu. Akakitoa kipimo ndooni, akashuka nacho hadi majini, akakiachia mtoni, hapo hapo karibu nami. Langoni skrini ikawa nyekundu mbele ya kanisa zima. Yeye alibaki ameinamisha kichwa, na mimi nimesimama pembeni yake, kanzu ya samawati hadi kiunoni. Wale akina mama wa bondeni walikuwepo, wamejipanga ukingoni, na hakuna hata mmoja aliyetuzomea. Afadhali wangetuzomea.

Skrini ilikaa nyekundu wiki saba, na mashine zilisimama wiki saba. Bwawa la pili lilichimbwa, Asangwile akishika jembe pamoja na watu wake. Kisha mafundi wakaunganisha mashine na mabwawa kwa namna ambayo maji yakizidi, mashine zenyewe zinapunguza mwendo hadi matete yamalize kazi yao. Siku hizi pale matete ndiyo yanayoamuru kompyuta. Na Tusekile amerudi kwenye mfereji wake. Bibi alisubiri, akabatizwa mwezi wa tisa. Kanzu yake ilitoka na tope kidogo pindoni, basi. Mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba bondeni kuomba radhi. Nyumba ya yule mtoto wa vidonda nilipita mlangoni mara tatu kabla sijapiga hodi.

Wengi mmekuwa mkinong'ona kwa nini mchungaji anapanda madhabahuni na kanzu yenye doa, kana kwamba hana mke wala sabuni. Ndiyo hii. Mke wangu ameisugua sana, haitoki, nami nimemwambia aiache.

Asangwile alikuwa na mto, na ndoo, na kipimo kisichosema uongo. Na wewe unayo hayo yote. Kila Jumapili unanipa mkono pale mlangoni, nakuuliza habari za nyumbani, unaniambia ni nzuri, Mungu anasaidia. Sasa niambie, kabla hatujasimama kuomba: hicho kipimo chako umekitia mtoni, au kimo ndooni?