Mshenga Aliyeingoja Almasi

"Simu ya kesho haiiti leo." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo Twaha, aliyekataa viatu vya mtumba kwa sababu anangoja vipya vya sikukuu, mkacheka. Halafu mmekuja huku jikoni kuniuliza maneno hayo yametoka wapi, maana simu ni vitu vya juzi na methali ni vitu vya wahenga. Nani kawaambia wahenga wamekwisha? Kaeni. Wewe sogeza hicho kigoda, usinikalie ungo wa mchele. Msemo huu una mahali ulipozaliwa na una watu wake, na ulizaliwa hivi.

Katika kijiji cha Kwembuzi, kule milimani Usambara, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Mwajabu. Alilima kabichi na karoti, na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Idrisa, fundi seremala. Idrisa alimpenda Zahara, binti wa Mzee Singano wa ng'ambo ya bonde, na Zahara alimpenda Idrisa. Jambo hilo lilijulikana mpaka kwa mbuzi. Lakini desturi ya pale ilikuwa haijui kitu mpaka iambiwe na mshenga, kwa hiyo Mwajabu akamtuma kaka yake, Shechambo, apeleke posa.

Shechambo alikuwa mshenga hasa. Alijua kukaa mkekani, alijua kukohoa kabla ya kusema, na maneno yake yalikuwa yakiteleza kama bamia. Posa ikapokelewa vizuri. Mzee Singano akasema, "Tumesikia. Tutazungumza na binti, kisha utatusikia."

Sasa msikilize desturi yenyewe, maana hapo ndipo penye mambo. Posa ikishapelekwa, upande wa mwanamume hauulizi tena, kwani kuuliza jibu ni kuonyesha njaa. Vijana wenyewe hawasemezani mpaka jibu litoke. Upande wa binti nao hautumi mtu, maana mjumbe akionekana anapandisha mlima, majirani watasema binti anatembezwa kama kapu la nyanya. Simu zilipoingia, wazee walizipenda kwa jambo hilo moja: simu haionekani njiani. Wakakubaliana kwamba jibu la posa litapigwa kwa simu, kwa mshenga peke yake. Si kwa mama, si kwa bwana harusi mtarajiwa. Na mshenga habadilishwi katikati. Ukimbadilisha, umeivunja posa kwa mkono wako.

Basi furaha yote ya Idrisa ikawa imo ndani ya simu ya mjomba wake.

Na simu hiyo ilikuwa imepasuka kioo. Ukigusa huku, inafungua kule. Mwajabu alikuwa hajatia shaka, kwa sababu kaka yake alimwambia anaishughulikia. Siku moja akapita kumsalimia, akamkuta barazani ameketi, mikono mitupu, anatabasamu peke yake.

"Kaka, simu iko wapi?"

"Nimeiuza kwa fundi, aivunje vipuri."

Mwajabu akadhani hakusikia vizuri. "Umeiuza?"

"Mdogo wangu, tulia nikueleweshe. Inakuja simu mpya, Almasi ya Kumi. Ikishatoka, hizi za zamani zitashuka bei, hata fundi hazitaki. Mwenye akili huuza mapema."

"Na laini?"

Shechambo akaivua kofia yake ya kufuma, akaonyesha kwenye pindo la ndani. Laini ilikuwa imeshikizwa pale kwa uzi. "Ipo salama. Inamngoja mwenyewe."

"Na Mzee Singano akipiga leo?"

"Ah, wazee wale hawana haraka. Hemedi wa dukani ameshabandika picha mlangoni, imeandikwa INAKUJA. Wiki ijayo ipo hapa. Ina macho matatu nyuma, Mwajabu! Hii iliyopo ina mawili tu."

"Kwani wewe una mangapi?" Mwajabu akamuuliza, akaondoka.

Wiki ijayo ikafika, Almasi haikufika. Shechambo alishuka dukani kwa Hemedi, akarudi na habari kwamba mzigo umekwama bandarini. Mwajabu akangoja. Akapita tena, akaambiwa zimekuja picha nyingine, na kwamba watu wanabishana kama itatoka na chaja yake au chaja itauzwa peke yake. Jambo hilo lilimnyima Shechambo usingizi. Alilieleza kwa uchungu kama mtu anayeeleza msiba, na kila aliyepita njiani aliulizwa maoni: "Wewe unaonaje, simu bila chaja si sawa na jembe bila mpini?" Watu walimjibu kwa heshima ya mvi zake, wakaenda zao. Mwajabu alikuwa akitazama ile kofia.

Akamwambia, "Kaka, chukua simu yangu. Tia laini yako, kaa nayo mpaka hiyo Almasi yako ije."

Shechambo akaigeuza ile simu, akaona mgongo wake umefungwa kwa mpira wa kufungia mboga. Akamrudishia kwa vidole viwili.

Mwajabu akauza kabichi gulioni, akamnunulia kitochi, simu ndogo mpya, nyeusi, ya kubonyeza. Akakipandisha mlima mwenyewe.

"Mdogo wangu," Shechambo akasema, "mshenga na kitochi? Nikikitoa mfukoni mbele ya wakwe, watasema tumewaposea mtu wa njaa."

"Wakwe hawakioni, kaka! Wanakupigia, hawakutazami!"

"Siku hizi kuna kupiga mkaonana nyuso."

"Mzee Singano mwenyewe ana kitochi!"

"Ndiyo sababu," akasema Shechambo kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Mmoja wetu lazima awe mbele."

Kile kitochi akakiweka dirishani kushikilia pazia lisipeperushwe na upepo.

Nyumbani, Idrisa alikuwa ameanza kuchonga kitanda cha mninga. Hakumuuliza mama yake kitu. Jioni alikuwa akipiga randa, anaacha, anatazama njia inayotoka kwa mjomba, kisha anaendelea na randa. Mwajabu alipika chakula kwa kubamiza, sufuria zikalia. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kumpigia Mzee Singano mwenyewe hawezi, ni aibu. Kumwondoa kaka kwenye ushenga hawezi, posa itavunjika. Kumpiga kaka makofi, ndilo alilokuwa akilifikiri kila anapoosha vyombo.

Kisha Almasi ikaja. Naam, ilikuja! Mwajabu aliposikia, aliacha jembe shambani na tope miguuni, akaenda mbio kwa kaka yake. Akamkuta barazani, mikono mitupu vile vile.

"Si imefika?"

"Imefika. Lakini nimeambiwa hizi za mwanzo zinachemka. Ukizungumza sana inaunguza sikio. Za mzigo wa pili ndizo zilizotulia. Halafu zilizokuja ni nyeusi tupu, mimi nataka ile ya kijani. Na tena, bei ya wiki ya kwanza ni ya wapumbavu. Mwenye akili husubiri kidogo ishuke."

Mwajabu akaegemea nguzo ya baraza. Mtu mzima huyo, jamani! Ameingoja kama mvua, imenyesha, anafungua mwavuli.

Siku ya gulio, Mwajabu akakutana na shangazi yake Zahara penye wauza mapeasi. Akatoa salamu kwa uchangamfu. Shangazi akaitikia kwa mdomo mkavu, akashika kapu lake kuondoka. Mwajabu akaona desturi sasa imemfika shingoni.

"Wifi yangu, mbona hivyo? Tumewakosea nini?"

"Mimi siyo wifi yako," shangazi akasema. "Hivi mwanao angekuwa hamtaki binti yetu, si mngesema tu? Kaka alipiga simu kwa mshenga wenu. Akapiga tena. Sisi tumekaa tumemzunguka, binti amejificha nyuma ya mlango anasikiliza, na yule dada wa kwenye simu anatuambia hapatikani, hapatikani. Mtu mzima azime simu kipindi chote hicho? Binti amelia mpaka amenyamaza. Wamekuja watu wengine na posa yao, watu wa kupatikana."

"Mmewajibu?"

"Hayo atayasema kaka yangu," shangazi akajibu, akajitosa katikati ya watu.

Mwajabu hakununua hata chumvi. Alipanda mlima akihema, kanga imemdondoka kichwani hajui. Alimkuta Shechambo kwenye benchi la kahawa pamoja na wazee wenzake, anawaeleza habari za mzigo wa pili. Mwajabu hakusalimu. Alinyoosha mkono, akaivua kofia ya kaka yake kichwani mbele za watu.

Mnaelewa maana yake? Mwanamke kumvua kofia kaka yake mkubwa, kijiwe kizima cha kahawa kinaona. Vikombe vilibaki hewani.

"Mwajabu!" Shechambo akasema, upara wake unang'aa. "Una wazimu?"

"Ninao. Nifuate."

Akaingia nyumbani kwa kaka yake, akakinyakua kitochi dirishani, pazia likapeperuka. Akang'oa laini kwenye uzi. Ilikuwa imekatwa ndogo kwa ajili ya zile simu za kioo, ikawa inachezacheza, basi akaibana kwa kipande cha ganda la kiberiti. Kitochi kikawaka. Akapiga namba ya Mzee Singano iliyokuwemo kwenye laini, akaweka sauti kubwa, akamkabidhi kaka yake. Wazee wa kahawa walikuwa wameshawafuata, wamejaa mlangoni.

"Nani?" ikauliza sauti ya Mzee Singano.

Shechambo akakohoa, kama ilivyo desturi yake. "Ni mimi, Mzee wangu. Mshenga."

Kisha Mzee Singano akasema, "Kumbe u hai."

"Mzee wangu, pana jambo dogo lilitokea la simu. Ile ya zamani niliitoa, nikawa naingoja ile mpya. Si unajua hizi za sasa hazina maana, ila ile inayokuja, Mzee wangu, ile ina..."

"Mshenga."

"Naam."

"Binti yangu alikubali. Mimi nilikubali, na mama yake alikubali. Nilikupigia kukwambia mje. Nilitaka kuisikia furaha yako kwa sikio langu." Mzee Singano alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mwajabu zaidi. "Mimi ninachojua ni kimoja. Simu ya kesho haiiti leo. Jana nimewaitikia watu wengine, wamekula, wamekunywa, na mkono wangu wameupokea. Siwezi kuurudisha."

"Na Zahara?" Mwajabu akapaza sauti, desturi akaitupa kule. "Mzee Singano, ni mimi mama yake Idrisa. Zahara mwenyewe amesemaje?"

"Amesema ndiyo, mama. Msichana akikaa nyuma ya mlango akasikia hakuna anayepokea, atasema nini kingine?"

Simu ikakatika. Wazee wa kahawa wakatawanyika mmoja mmoja, wanatazama chini. Lakini maneno waliyoyasikia waliyabeba. Kufika jioni yalikuwa kisimani, na siku ya gulio lililofuata yalikuwa yamevuka bonde. Mtu akisema atalipalilia shamba akipata jembe zuri zaidi, anaambiwa. Mtu akisema atakwenda kumwona mgonjwa akipata zawadi ya maana, anaambiwa.

Mwajabu alimweleza Idrisa yeye mwenyewe. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akaishika randa, akaiweka chini, akaishika tena. Akauliza, "Alikuwa amekubali, mama?"

"Alikuwa amekubali, mwanangu."

Idrisa akatikisa kichwa, akaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyemtuma.

Shechambo hakuonekana kwa kipindi kirefu. Halafu siku moja akateremka kwa dada yake, amevaa kanzu ya Ijumaa, na mkononi ameishika Almasi. Ya kijani. Ya mzigo wa pili, haichemki, bei imeshuka, chaja imo. Alikuja kuomba radhi, lakini hakujua pa kuanzia, akaanza na simu.

"Angalia, mdogo wangu. Inapiga picha mpaka gizani."

Mwajabu alikuwa akianua mahindi uani. Hakuinua kichwa. Pembeni, Idrisa alikuwa akikimalizia kile kitanda, maana kilikuwa kimepata mnunuzi.

Ndipo Almasi ikaita. Mlio wake ulikuwa mzuri, wajukuu zangu, kama maji yanayodondoka kwenye mtungi. Shechambo akaduwaa. Ilikuwa simu yake ya kwanza kuingia, na hakujua inapokelewa kwa kubonyeza au kwa kutelezesha. Ikaita, ikaita.

"Pokea, kaka," Mwajabu akasema. "Si ndiyo uliyokuwa ukiingoja? Imeita."

Akaipokea. Sauti ikatoka safi, kama mtu amesimama hapo uani. Alikuwa Mzee Singano. Akasalimu, akawatumia salamu wote wa nyumba ile kwa majina, kisha akasema kwamba hakuna ugomvi kati ya nyumba na nyumba, na kwamba Jumapili ni harusi ya Zahara, hivyo mshenga na dada yake wasikose.

Shechambo akasema, "Inshallah," akaishusha simu. Yale macho matatu ya nyuma yakawa yanamtazama Idrisa. Randa ilikuwa imesimama. Kisha ikaanza tena, taratibu, na maranda yakawa yanadondoka miguuni pake.

Basi. Nendeni mkamwambie Twaha avae vile viatu, ardhi ina baridi leo, siyo siku ya sikukuu. Akikataa, msimpigie kelele. Mwambieni tu hivi: simu ya kesho haiiti leo.