Aliyeonja Uji wa Namkunda

Hapo zamani, nyinyi hamjazaliwa na mimi sijulikani niko wapi, aliishi milimani mjane mmoja, Namkunda, na bintiye mdogo, Nakijwa. Namkunda akashikwa na ugonjwa wa akili. Kila mtu akawa adui: jirani akikohoa, anatoa ishara, kuku akiingia ndani, katumwa. Na zaidi ya yote alikiogopa chakula.

"Wamenitilia kitu," alisema. "Onja wewe kwanza."

Desturi ya huko, mwenyeji huonja kwanza ili mgeni asiwe na wasiwasi. Lakini mtoto kumwonjea mamake, tena nyumbani kwao? Ndiyo kazi aliyopewa Nakijwa. Asubuhi anaonja, jioni anaonja. "Hamna kitu, mama." Mama humtazama koo mpaka ameze, kisha husubiri kuona kama ataanguka. Na Nakijwa naye, jamani, husubiri. Hofu huambukiza, mtoto akaanza kunusa hata maji.

Shangazi yake, Nantete, akaenda kwa mganga. Mganga akampa dawa ya mizizi, akamwonya: "Mwambie mgonjwa." Shangazi hakumwambia. Akawa anaikorogea kwenye uji aliowapikia.

Siku ya kwanza tu, Nakijwa aliusikia uchungu ulimini. Akamtazama shangazi. Shangazi akatazama moto. Mtoto akameza.

"Hamna kitu, mama."

Mchana, akichunga mbuzi, usingizi ukamchukua, mbuzi wakala mahindi ya watu, akachapwa. Hakusema habari ya uchungu ule. Mama alikuwa ameanza kulala, ameanza kumsuka nywele, na siku moja alicheka. Nakijwa alikuwa na njaa ya kicheko kile kuliko ya uji.

Namkunda akapata nafuu, akashika upawa mwenyewe. Akakuta vipande vya mizizi ndani ya chungu. Akawabana wote wawili, wakakiri.

"Kumbe nilisema kweli!" akalia. "Mliniita mwendawazimu, na kitu mmenitilia! Mwanangu ananidanganya macho makavu! Sili tena, wala dawa sinywi, mpaka niombwe radhi."

"Radhi?" Shangazi akaja juu. "Wifi, ningekwambia, ungekunywa? Nimekurudisha duniani, shukrani yangu ni kuitwa mchawi. Niombwe radhi mimi!"

 Nakijwa akasema, "Mama ulidhani ni sumu, ukanipa mimi. Shangazi ulijua ni dawa ya mtu mzima, ukaniacha ninywe. Na mimi je?"

Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Shangazi akamshuku wifi, wifi akamshuku binti, binti akawashuku wote. Uji ukapoa, haukuguswa. Siku zikapita bila dawa, na Namkunda akaanza tena kuziba madirisha.

Haya, mnaonisikiliza, msitazamane. Mtoto yumo humo ndani, na neno moja la radhi lingefungua mlango. Je, nani alistahili kuombwa radhi kwanza?