Ubeti wa Mwisho wa Chiriku

"Wenzangu, mpo?"

"Tupo, masikio wazi."

"Nishushe mzigo?"

"Shusha, tukupokee."

Hapo zamani za kale, Nyati alikuwa akimwoza binti yake. Akamwita Chiriku, ndege mdogo mwenye sauti tamu. "Nitungie wimbo, uje uuimbe harusini. Nitakupa kikapu cha mtama."

Chiriku akatunga siku tatu. Katika ubeti wa mwisho akatia jina lake, kama watunzi wote wafanyavyo. Siku ya harusi wageni walicheza mpaka vumbi likawafika magotini. Chiriku akachukua mtama wake, akaenda zake.

Kesho yake Twiga akamwalika akauimbe kwake. Nyati akaja mbio.

"Nyamaza, Chiriku. Wimbo ule ni wangu, nimeulipia."

"Baba Nyati, ulilipia niimbe harusini."

"Basi chukua kikapu cha pili, ulitoe jina lako."

"Silitoi."

"Na cha tatu?"

Kiangazi kilikuwa kimeanza, na ghala la Chiriku lilikuwa dogo. Hata hivyo akajibu, "Hata cha tatu, baba. Jina nililopewa na mama yangu siliuzi."

Wakaenda kwa Tembo, mwamuzi wa wanyama.

"Ni wangu wote," Nyati akasema. "Naujua neno kwa neno."

"Hebu uimbe," akasema Tembo.

Nyati akaimba ubeti wa kwanza kwa mikogo. Akaimba wa pili, akitikisa pembe. Wa tatu, ule wa mwisho, ukamtoka kabla hajafikiri:

*Mtunzi wangu Chiriku, mzawa wa mtamani,*
*Alinitunga kwa siku, tatu nzima, si utani.*

Baraza zima likaangua kicheko. "Mzee," Fisi akasema, "umejitolea ushahidi mwenyewe."

Tembo akatamka, "Nyati, ulikodi sauti kwa siku moja. Hukununua wimbo. Kama uliutaka uwe wako, mngekubaliana kabla hajaanza kutunga."

Nyati akainamisha kichwa. "Na binti yangu? Anaupenda."

"Auimbe mpaka azeeke," Chiriku akajibu. "Ila aseme ni wa nani."

Akaruka hadi kwa Twiga, kifua mbele, akaanza na ubeti wa mwisho.

Basi wenzangu, ulichokitunga kwa akili yako ni chako, hata kama umelipwa kukitunga. Anayekitaka chote aseme mapema, nawe ukubali kwa hiari yako.

Mzigo wangu nimeutua. Atakayeubeba aubebe, ila aseme aliupokea kwa nani.