Kwa Nini Wafu wa Ukwajuni Hutajwa Treni Ipitapo

Kriiiii! Sauti moja tu ilisikika usiku ule: breki za treni ya mizigo. Kisha kimya. Asubuhi gengi la mafundi wa reli lilimkuta mwenzao kati ya mataruma yanayobeba reli, nyundo ya kukagulia njia bado iko mkononi. Wakamzika hapohapo kando ya reli, wakasimika kipande cha taruma kichwani pake, wakaondoka bila kulitaja jina lake.

Nawasimulia ninyi mliozaliwa kwenye maghorofa haya. Zamani hizo hapa hapakuwa na lami. Ukwajuni ulikuwa mji mdogo: stesheni moja, safu mbili za kota za reli, msikiti, kanisa la mabati, na wanawake waliouza mihogo ya kuchoma kwenye madirisha ya mabehewa. Jiji lilikuwa mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwa treni. Watu walitoka kila upande, kila mmoja na lugha yake, lakini mwiko mmoja waliushika wote: aliyeuawa na treni hatajwi jina tena. Waliamini treni ina masikio. Ikilisikia jina, itarudi kwenye nyumba ileile ichukue mwingine. Hata kuliandika hawakuthubutu. Kuandika, walisema, ni kusema kwa mkono.

Kwa hiyo marehemu yule akawa "yule wa maili arobaini", kwa jiwe la maili lililokuwa karibu na kaburi lake, basi. Mjane wake, Kalunde, alikuwa mjamzito. Alijifungua binti, Mwashi, na umri ulipofika walimwandikisha shule kwa jina la mji: Mwashi Ukwajuni. Mtoto alikua akiuliza baba yake aliitwa nani, na mama akimjibu, "Kula, chakula kinapoa."

Miaka thelathini ikapita. Jiji likaja. Halikuja kwa kelele, lilikuja kwa vigingi vyekundu. Leo kigingi shambani, kesho barabara. Stesheni ikafungwa, treni zikawa zinapita bila kusimama, na asubuhi moja kibao kipya kikasomeka: Mtaa wa Viwanda B. Watu walikizunguka wakakitazama mbele na nyuma, kana kwamba Ukwajuni umejificha mgongoni mwake.

Kisha akaja kijana wa mipango miji, daftari mkononi, tingatinga nyuma yake. Barabara itapita kando ya reli, alisema, juu ya makaburi. Yenye wenyewe yatahamishwa kwa heshima leo hii. Yasiyo na wenyewe yatasawazishwa.

"Shikamooni, wazee. Nawasomea orodha." Akasoma. "Kaburi la kwanza, halijulikani. La pili, halijulikani. La tatu, halijulikani." Akaendelea hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, mpaka la kumi na moja.

Watu walipigwa na bumbuwazi. Wale kumi na mmoja waliwafahamu mpaka vicheko vyao! Walijua nani alipenda ugoro, nani aliimba vibaya. Na sasa mwiko walioushika ili kuwalinda walio hai ulikuwa umewafanya wafu wao wasiwe watu wa mtu yeyote.

"Huyo wa tano ni wa kwetu!" alifoka mzee Ndimbo, aliyekuwa nyapara wa gengi. "Nimemzika kwa mikono hii!"

"Aliitwa nani, babu?"

"Majina haya hayaitwi ovyo, kijana, kama unaagiza chai ya rangi!"

"Sasa niandike nini, babu? Chai?"

Tingatinga liliunguruma, na kutoka mbali treni ya saa sita ikaanza kusikika.

Mwashi alikuwa amesimama kwenye kaburi la tano, hatua tatu kutoka relini. "Mama," aliita, "hapa nimemsimamia nani? Wanangu wanabeba jina la mji ambao haupo tena. Hata babu yao wasimjue?"

Kalunde aliitazama treni inakuja. Akilitaja, treni ile pale italisikia, na binti yake wa pekee yuko karibu nayo. Asipolitaja, mumewe atalala chini ya lami kabla jua halijatua. Akamwendea Mwashi, akamshika mkono akaukaza. Behewa la kwanza likapita, upepo wake ukazivuta kanga zao. Ndipo mama yule alipomgeukia kijana wa daftari na kupaza sauti kuishinda treni.

Treni ilipita yote, mpaka behewa la mwisho. Mwashi akabaki amesimama, mzima, akilia. Watu walimtazama kama wasioyaamini macho yao. Kisha mwanamke mmoja akamtaja mumewe, mwingine kaka yake, Ndimbo akawataja wanne kwa mkupuo, na kijana wa mipango miji akafuta neno "halijulikani" mara kumi na moja.

Na tangu siku hiyo, treni ipitapo katika mtaa huu, muuza matunda huacha kupima, kinyozi huinua mkasi, nasi sote huwataja wafu wetu kwa sauti, kumshinda dereva na honi yake. Wageni hushtuka, wakadhani tunagombana. Sisi tunaendeleza tu kilio cha Bibi Kalunde, aliyefunga kinywa miaka thelathini, akakifungua mchana ule mbele ya treni yenyewe:

"Kasanda! Mwandike, mwanangu! Anaitwa Kasanda Mihambo!"