Kengele Mpya na Maksai wa Yonathani

"Kengele haitifui shamba."

Vijana wa kwaya walikuwa wameisikia methali hiyo kwa baba wa mwenzao Elisha, aliyemkataza mwanawe kuuza mbuzi wa ada ya shule ili wanunue sare za kuimbia. Wakaenda kumuuliza Bibi Yudithi ilikotoka. Bibi alikuwa akibangua karanga. Hakuacha.

"Mnaitamka kirahisi," alisema, "lakini ina watu ndani yake. Chanzo chake ni hiki."

Zamani, katika usharika mmoja wa Ugogo, waumini waliitwa ibadani kwa kugongewa kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Wakatamani kengele ya kweli. Jumapili ya mavuno mchungaji akaomba michango. Huyu akatoa kuku, yule debe la uwele. Zefania, mwenye zizi kubwa kuliko wote, akatoa fahali, na kina mama wakampigia vigelegele hadi paa likavuma.

Yonathani Mhembano alivisikia vigelegele vile kama mwenye kiu anavyosikia maji yakimiminwa. Yeye alikuwa na maksai wawili tu, wa kukokota plau. Alijikuta amesimama.

"Namtolea Bwana maksai wangu wawili."

Vigelegele vikazidi vya Zefania. Baada ya ibada mchungaji alimvuta kando. "Sasa utalimia nini?"

"Bwana atatoa," alijibu Yonathani. Mchungaji, naye akiitamani kengele, hakuendelea kuuliza.

Nyumbani mkewe Damari alimngoja amalize kula.

"Baba Tamari, maksai mmoja tulimpata kwa karanga zangu. Hukuniuliza."

"Nimekwisha kutamka mbele ya madhabahu. Unataka niaibike?"

"Nataka watoto wale."

"Huna imani wewe."

Damari akakusanya vyombo akatoka, na Yonathani akajiambia kwamba amekubali.

Mwaka ule haukuwa wa ukame, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mvua ilinyesha kwa wakati wake, ardhi ikalainika, kila upande watu wakaswaga ng'ombe wao. Yonathani alikwenda kwa Zefania kuazima.

"Nikimaliza kwangu," Zefania alimwambia. Hakuwa na ubaya. Udongo ukiwa na maji, nani humpa mwenzake ng'ombe?

Basi mume na mke wakashika majembe ya mkono. Walilima mpaka viganja vikachubuka, na walipofika mwisho wa kipande, magugu yalikuwa yameota walikoanzia. Wakiwa bado wameinama shambani, kengele mpya ikalia kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nzuri, ikafika hadi vilimani. Yonathani aliinua kichwa, akatabasamu.

"Unaisikia, mama Tamari?"

Damari hakunyoosha mgongo. "Naisikia. Kengele haitifui shamba."

Mtama wao, uliopandwa kwa kuchelewa, ulikauka kabla masuke hayajajaa. Majirani wakavuna. Walisaidia kadiri walivyoweza, lakini kibaba cha mtu hakilishi nyumba mwaka mzima. Ikawa mlenda bila ugali. Mtoto wao mdogo, Lameki, ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Homa ilipomjia haikumkuta na nguvu ya kupambana nayo.

Mchungaji alikuja na unga kidogo, akaketi chini pamoja na waombolezaji.

"Nilipaswa kukukatalia siku ile," alisema.

"Nisingekusikia," alijibu Yonathani.

Wakamzika Lameki, na kengele ikalia.

Matanga yalipoanuliwa, kaka yake Damari akaja kumchukua dada yake na Tamari, akawalishe kwake. Yonathani aliwafuata hadi ukingo wa shamba.

"Nilimtolea Bwana," alisema, na hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi.

"Bwana alituwekea maksai mikononi tuwalishie watoto," Damari alisema polepole. "Hata sadaka ingetoka humo humo, katika mavuno. Wewe hukumtolea Bwana. Ulivitolea vigelegele."

Akamshika Tamari mkono, wakaondoka. Hawakurudi. Yonathani aliishi miaka mingi katika nyumba ile, akilima kwa mkono kipande cha kumtosha mtu mmoja. Kanisani alihamia benchi la nyuma. Hakuna aliyemsuta kwa neno alilolisema Damari siku kengele ilipolia mara ya kwanza, maana Yonathani mwenyewe ndiye aliyelisambaza. Kila alipomwona mtu akinunua sifa kwa chakula cha wanawe, alimwendea akamwambia. Wengine walimsikiliza. Wengi walidhani ni uchungu wa mzee mpweke.

Bibi Yudithi alipepeta maganda ya karanga.

"Bibi," Elisha aliuliza, "Mungu alimsamehe?"

"Naamini alimsamehe, mjukuu wangu. Lakini Lameki hakufufuka, na Damari hakurudi. Toeni, wanangu, tena kwa furaha. Ila mjue kwanza mnachokitoa ni cha nani, na nani atalala njaa. Kengele haitifui shamba."