Tangi Moja na Jina la Mtoto

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo wenye mvi wanaikumbuka, petroli ilipokuwa ya kugawiwa na pampu zikafungwa minyororo, aliishi Lushoto bwana mmoja jina lake Yonazi Shekiondo. Alikuwa mcha Mungu, mtu wa kanisani Jumapili na wa kuomba radhi siku zote zilizobaki. Naye alikuwa na gari, na gari hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, la gia za mkono, jekundu lililopauka likawa rangi ya tofali. Aliachiwa na meneja wa shamba la mkonge ambaye Yonazi alikuwa dereva wake, siku meneja huyo alipofunga virago. Lilikuwa fupi hata mbuzi walilitazama kwa juu. Nalo lilikunywa. Likienda sokoni linakunywa, likirudi linakunywa, likisimama tu linanguruma, linakunywa.

Sasa, binti yake Rahabu alikuwa ameolewa Tanga mjini, na huko akajifungua mtoto wa kwanza, msichana. Kwao, mzazi wa mtoto wa kwanza hurudi kulelewa na mama yake. Mabasi yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta yaleyale. Mumewe Rahabu, aliyekuwa kazini mbali, akatuma neno: "Baba, naomba ukamchukue mwenzangu. Na jina la mtoto utoe wewe."

Yonazi akaenda wilayani akapewa mgao wake: tangi moja, basi. Kwa gari lile, tangi moja lingemfikisha Tanga, lakini wakati wa kurudi lingemtupa njiani Korogwe, pamoja na mzazi na kichanga chake.

Usiku akapiga magoti. "Bwana, wewe umezihesabu nywele za kichwa changu. Basi na petroli yangu unaijua. Inakwenda wapi?"

Jumapili, watu walipotoka ibadani na wengine wakipita zao njiani, akasimama mbele ya gari lake akasema, "Ndugu zangu, atakayefanya tangi hili moja limfikishe binti yangu nyumbani, yeye ndiye atakayempa mtoto jina. Nimesema mbele ya Mungu."

Wengi walicheka. Watatu hawakucheka.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi Hizza. "Kaka Yonazi, washa." Yonazi akawasha. Hizza akazunguka nyuma akaliangalia bomba la moshi. "Unaona? Moshi mweusi. Hayo ndiyo mafuta yako, yanatangulia mbinguni kabla yako."

Akafungua kabureta. Choki ilikuwa imeganda, imefungwa nusu, injini inameza petroli pasipo hewa ya kutosha. Akaifungua, akaisafisha, akasugua plagi, akapuliza chujio la hewa mpaka ndevu zikajaa vumbi. "Yalikuwa yanatokea nyuma," akasema. "Sasa hayatoki."

Wa pili akaja Mama Afua, mjane wa rafiki yake Yonazi, mwenye banda la kuziba pancha stendi. Akalipiga tairi teke. "Shemeji, haya yote hayana upepo. Unasukuma godoro wewe." Akayajaza kwa pampu ya mkono, kanga kiunoni, mpaka matairi yakalia kama ngoma. Halafu akafungua buti. Mlikuwa na magunia mawili, yamejaa yamefura.

"Na hawa ni nani?"

"Mchanga, shemeji. Wa masika, ili nyuma kusiteleze kwenye tope."

"Na sasa tuko msimu gani?"

"Kiangazi."

"Basi umewapakia abiria tangu masika, na hata salamu hawakupi."

Yonazi akaona haya. "Nilisahau. Nimekosa, shemeji."

"Usiniombe radhi mimi. Liombe gari." Akayabwaga magunia chini.

Wa tatu akaja Mwalimu Zefania, mkuu wa kwaya, mtu ambaye hata baiskeli hakuijua. "Gari sijui," akasema, "lakini kila ukipanda kilima cha kanisa nasikia unavyolitesa. Gia ya pili unaivuta mpaka inalia kama soprano aliyeishiwa pumzi. Kwa nini hubadilishi?"

"Ule mshale wa kuonyesha mzunguko wa injini umekufa, mwalimu. Nabahatisha."

"Mshale wa nini na wewe una masikio?" Mwalimu akajipenyeza kwenye kiti cha pili, magoti kidevuni. "Do ya kinanda chetu unaijua. Haya, twende. Do... re... mi... fa... so. Hapo, badilisha. Tena. Do... re... mi... fa... so. Badilisha. Ikishuka chini ya do inakoroma, rudisha gia nyuma, usiionee. Ikipita so, unachoma mafuta ya mtoto."

Yonazi akajaribu gia ya pili, ya tatu, ya nne. Akashangaa kweli. So ilikuwa ileile katika kila gia, na injini ilitulia kama mtu aliyesikilizwa. Miaka yote ile lilikuwa likiimba, naye akidhani linanguruma tu.

Akaondoka alfajiri. Akateremka mlima akiimba, akapita Mombo akiimba, akapita Korogwe akiimba, na geji ya mafuta ikishuka polepole mno, hata akaigonga kwa kidole akidhani imekwama. Karibu na Segera lori likampita, na utingo akachungulia kutoka juu.

"Mzee, hilo gari la mbio au mkokoteni?"

Mungu amsamehe, Yonazi alikanyaga. Akapita so, akapita na do ya juu, akalipita lori lile, akapita tu akiona raha. Raha ilipokwisha akaitazama geji, akainua mguu akarudi kwenye so.

Alfajiri ya pili akarudi na Rahabu kitini, mtoto mapajani. Rahabu alikuwa ameimba alto kwenye kwaya ya Zefania tangu utotoni. Walipofika Korogwe masikio ya baba yake yalikuwa yamechoka, akaanza kuvuta gia.

"Baba, hiyo imeshakuwa la," Rahabu akasema, akaanza kumwimbia yeye. So, badilisha. So, badilisha. Mtoto akalala. Kuanzia Mombo mlima ukaanza, na mshale wa geji ukalala chini kabisa, ukakataa kuinuka. Wakapita Soni bila kusemezana isipokuwa kwa noti. Wakaingia uani. Mkewe Yonazi akafungua mlango, akapiga vigelegele, na injini ikakohoa ikazimika. Hizza, aliyekuwa akiwangoja uani, akatumbukiza kijiti ndani ya tangi. Kikatoka kikavu.

Siku ya kutoa jina wakakaa wote sebuleni. Yonazi akasimama kwanza.

"Kabla ya yote, niseme yangu. Karibu na Segera nilishindana na lori. Nilikaribia kumlaza mjukuu wangu barabarani kwa sababu ya maneno ya utingo."

Hizza akakuna kichwa. "Kama ni hivyo, na mimi niseme. Choki ile, masika nilipofungua kabureta, springi niliirudisha vibaya. Juzi ndipo nilipoigundua. Lakini nisingeirekebisha msingevuka Korogwe. Nampa jina la mama yangu, Mwanamvua. Sina mtoto wa kumrithisha."

"Umetibu ugonjwa uliouleta mwenyewe," akasema Mama Afua.

"Na ule mchanga, nani alimshauri?" Hizza akauliza.

Mama Afua akatazama mikono yake. "Mimi. Lakini nilisema masika, sikusema milele. Na kwa yale magunia na yale magodoro, mlima ule usingepandika. Nampa jina la Afua wangu, binti niliyemzika."

Mwalimu Zefania akakohoa. "Mimi jina sikuandaa. Ila haki ninayo, kwa sababu sikuharibu kitu. Kabureta safi na matairi magumu, kwa mguu wa Yonazi, vingeishia Mombo."

Rahabu akainua macho kutoka kwa mtoto. "Shikamoo, mwalimu. Solfa ulifundisha wewe. Lakini toka Korogwe hadi mlango huu, niliyeimba ni mimi."

Yonazi akawatazama mmoja mmoja. Tangi lilikauka mlangoni, si kabla. Mmoja wao angekosekana, tone la mwisho lingeishia mlimani. Na tone lenyewe halikuandikwa limeokolewa na nani. Ahadi aliitoa mbele ya Mungu, na aliahidi mtu mmoja.

Mtoto akaamka, akaanza kulia. Mama yake akataka kumbembeleza kwa jina, hakuwa nalo.

"Baba," akasema Rahabu, "nimwiteje?"

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza: kama mngekuwa Yonazi, kichanga kikilia na watu wote wakiwatazama mdomo, mngemgeukia nani? Je, ni nani aliyestahili kumpa mtoto jina?