Kilemba cha Tenga la Bi Mashauo

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa gani? Mmekula mkashiba, sauti mmeziacha kwenye sinia? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Leo sungura apumzike. Leo nina hadithi ya mjinga, na wajinga ni wengi kuliko sungura. Na nyinyi wakubwa mliojibanza huko nyuma mkijifanya mnachambua mchele, tegeni masikio. Hii ni yenu zaidi kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitumiana vitu kutoka nchi hadi nchi, alikuwapo Punda. Jina lake Punda Kihongwe. Kazi yake kubeba mizigo ya watu. Alikuwa na shogi, ule mfuko mkubwa wa ukindu unaolazwa mgongoni, mdomo mmoja upande huu, mdomo mmoja upande huu. Kila mwezi alitoka Kilimani, akavuka nyika, akaenda Mbugani. Ko, ko, ko, ko. Siku saba kwenda, siku saba kurudi.

Na sheria yake ilikuwa nyepesi, hata wewe Kidawa unayechezea kucha unaielewa. Kwanza anautundika mzigo kwenye mizani. Ratili moja, kibaba kimoja cha mtama. Kisha anaushusha, anaupima kwa ukwato wake, aone utakula nafasi gani ndani ya shogi. Ukwato mmoja, kibaba kimoja. Halafu anatazama: uzito umezidi, au nafasi imezidi? Kilichozidi ndicho unacholipia. Hicho kimoja tu. Umeelewa?

— Tumeelewa!

Mmeelewa. Bi Mashauo hakuelewa.

Huyu Bi Mashauo alikuwa Mbuni. Shingo hiyo, ndefu! Macho makubwa! Na akili... tuyaache. Alikuwa na binti yake, Sikudhani, ameolewa huko Mbugani. Sikudhani alikuwa na kinda mmoja, kinda wa kwanza. Siku moja Punda akarudi kutoka Mbugani na salamu.

"Bi Mashauo, binti yako anakusalimu. Anasema mwanawe anaumwa macho. Yamevimba, yanatoka usaha, asubuhi hayafunguki mpaka yaoshwe. Anasema, mama, nitumie mafuta yetu ya macho, yale uliyotupaka sisi tulipokuwa wadogo. Nitumie kwa safari hii hii. Ikipita hii, usisumbuke tena, mtoto atakuwa kipofu."

"Masikini mjukuu wangu!" akalia Bi Mashauo. Akalia kweli, sisemi uongo. Akachimba mizizi, akatwanga, tu, tu, tu, akachemsha, akakamua. Jioni ile ile mafuta yakawa tayari ndani ya kibuyu kidogo. Kidogo hivi, mfano wa limau.

Angekipeleka hapo hapo, hadithi ingekuwa imekwisha na mimi ningekuwa nimelala. Lakini akakitazama. Akakizungusha. Akaona haya.

"Hiki ndicho cha kupeleka kwa wakwe? Punda aingie Mbugani, watu wametoka nje, wamesimama, mavyaa yake Sikudhani, mama wa mumewe, amesimama, kisha kitoke hiki? Watasema mwanangu hana kwao. Mkono mtupu haulambwi!"

Mnamsikia? Mtoto anaoza macho, yeye anawaza watu waliosimama nje.

Basi akasuka tenga. Siku ya kwanza akasuka, siku ya pili akasuka, siku ya tatu akasuka. Tenga likawa kubwa, ndama angelala ndani. Akatia majani makavu. Juu ya majani akatia ushanga, uzi mmoja. Juu ya ushanga akatia majani. Juu ya majani akatia manyoya yake aliyoyachoka. Akatia majani tena. Akalifunga. Akaona halijatosha. Akalisukia kilemba cha ukindu juu yake, chekundu na cheusi, kimesimama wima. Kilemba! Tenga limevishwa kilemba, mwenyewe kichwa wazi. Akalizunguka akiimba. Mniitikie:

Tenga langu liingie,

— Limejaa, limejaa!

Wakwe wote wasikie,

— Limejaa, limejaa!

Mnaimba vizuri kuliko mnavyosema pakawa.

Siku ya safari akaenda kwa Punda, tenga kichwani, kibuyu kimening'inia shingoni. Akamkuta Pimbi mbele yake. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa mawe, asiye na mkia. Alikuwa anamtumia kaka yake jembe, chuma kitupu. Punda akatundika. Mizani ikashuka, ndwi! Ratili sita. Akapima kwa ukwato. Hata ukwato mmoja halikufika.

"Uzito umezidi," akasema Punda. "Vibaba sita."

"Kijembe chote hiki?" akanung'unika Pimbi.

"Kijembe utakisikia nikikutwika wewe."

Pimbi akacheka, akalipa. Bi Mashauo naye akacheka, kwa sababu yake.

"Pole, Pimbi! Mimi langu jepesi, hata upepo unalibeba. Nimekuja na pishi nne, lakini nyingi nitarudi nazo."

Punda akalitundika tenga. Mizani haikushtuka sana. Ratili tatu.

"Ehe!" akasema Bi Mashauo. "Vibaba vitatu."

"Ngoja, bibi." Punda akalishusha. Akapima. Ukwato, ukwato, ukwato, akazunguka nyuma, ukwato, ukwato, akapanda hadi kwenye kilemba, ukwato. "Kwato kumi na sita. Nafasi imezidi. Vibaba kumi na sita. Pishi nne, bibi."

Weeee! Bi Mashauo akaruka. Akaruka kwa miguu, maana mabawa yake mnayajua.

"Mwizi! Jizi la masikio! Pimbi kaleta chuma umemtoza vibaba sita, mimi nimeleta majani unanitoza kumi na sita? Majani na chuma, kipi kizito?"

"Chuma."

"Sasa?"

Punda hakukasirika. Ameyazoea matusi, ndiyo maana masikio yake marefu, yanaingilia huku yanatokea huku. Akalichukua tenga, akalitia katika mdomo wa shogi wa kulia. Likaingia kwa taabu, kwe, kwe, kwe. Likajaza upande mzima.

"Pimbi," akasema Punda, "tia jembe lako upande huu wa kulia."

Pimbi akajaribu. Jembe halikuingia. Hata kucha ya Pimbi haikuingia.

"Umeona, bibi? Mgongo wangu unabeba uzito, shogi langu linabeba nafasi. Wewe umeleta upepo, lakini upepo wako umekaa mahali pa watu. Upande huu ungechukua mizigo ya wanyama kumi. Sasa umechukua majani. Hao kumi nitawabeba wapi, puani?"

"Majani hayana uzito!"

"Hayana. Ndiyo maana silipishi uzito. Nakulipisha mahali."

Mtu mzima angeelewa hapo. Bi Mashauo akabenua mdomo, akafungua mfuko, akammwagia Punda mtama wake wote. Pishi nne, kamili. Mfuko ukabaki unapepea.

"Chukua, ule, ushibe! Na hiki kibuyu kipenyeze humo humo ndani ya tenga."

"Mafuta hayaingii ndani ya tenga, bibi. Tenga linageuka njiani, linalala kichwa chini, na kizibo cha kibuyu ni kizibo tu. Yatafika majani yamepakwa dawa. Mafuta yanakaa peke yake hapa shingoni, nikiyaona, na yanalipiwa peke yake. Hata ratili hayafiki, lakini chini ya kibaba sibebi. Kibaba kimoja."

"Sina kibaba! Nimekupa vyote!"

"Basi punguza tenga." Punda akanyoosha mdomo, akakigusa kilemba. "Hiki kimekula ukwato mmoja peke yake. Kikate, nikurudishie kibaba, kibuyu kipande."

Sasa nyamazeni. Nani anakohoa? Nyamazeni, hapa ndipo penyewe. Upande mmoja kilemba cha tenga. Upande mmoja macho ya mtoto. Bei yake sawa, kibaba na kibaba. Wewe Kidawa ungekata nini?

— Kilemba!

Ana miaka sita huyu.

"Nikikate kilemba?" akasema Bi Mashauo. "Kilemba ndicho kitakachoonekana kwanza!"

Pimbi akasogea, akasema kwa adabu, "Mama, mimi nimebakiwa na kibaba kimoja. Chukua, kibuyu kiende. Mtoto ni wetu sote."

Bi Mashauo akamtazama kutoka huko juu. "Mimi nilipiwe na Pimbi? Huna hata mkia, unipe mimi mtama? Wakwe zangu wakisikia?" Akajishika shingo, akaona kibuyu. "Hiki kitakwenda safari ijayo. Siku chache tu, mtoto hafi. Wacha tenga litangulie."

Punda akamwambia, "Bibi, binti yako hakuomba tenga."

"Wewe ni wa kubeba, si wa kushauri. Beba!"

Punda akabeba. Ko, ko, ko, ko. Siku saba.

Kufika Mbugani, watu wakatoka. Kweli kabisa, walitoka! Kilemba kilionekana kwanza, kama alivyosema. Vigelegele, lililili! Mavyaa yake Sikudhani akapiga makofi, "Kwao kuna mali!" Tenga likashushwa, watu sita wakiligombania. Likafunguliwa. Majani. Wakayatoa, wakakuta manyoya. Wakayatoa, majani. Wakayatoa, ushanga, uzi mmoja. Chini ya ushanga?

— Majani!

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Watu wakaanza kukumbuka vyungu vyao viko motoni. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, jamani.

Sikudhani hakuwaona waliokuwa wakiondoka. Alikuwa ndani ya tenga hadi kiunoni, anachakura, majani yanaruka. "Kibuyu kiko wapi? Punda, kibuyu kiko wapi?"

"Kimebaki," akasema Punda. "Kilikosa kibaba."

Kinda wake alikuwa amesimama pembeni, macho yamegandana. "Mama, bibi kaleta nini?"

"Tenga, mwanangu."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Niongoze nilishike."

Punda hakupumzika. Alitupa shogi pale pale, akarudi mtupu, mbio, kokoko kokoko kokoko, njia ya siku saba akaifanya nne. Akamwambia Bi Mashauo, "Macho yamefunga."

Bi Mashauo akapiga ukelele. Akakinyakua kibuyu, akakitia chini ya bawa, akakimbia. Tupu, tupu, tupu, tupu! Hajapata kukimbia hivyo. Ile nyika ya siku saba akaivuka kwa siku mbili.

Siku mbili! Mmesikia? Miguu ile alikuwa nayo siku zote. Tangu jioni ile ya kwanza angekitia kibuyu chini ya bawa, asilipe hata punje moja, siku mbili akafika. Lakini bibi mzima aende kwa wakwe kwa miguu, na kibuyu kama limau? Thubutu! Afadhali atume upepo kwa pishi nne.

Akafika Mbugani jua linapanda. Hakuna aliyetoka kumtazama. Kilemba cha tenga akakikuta mlangoni kwa mavyaa, wamekifanya kata ya kuwekea mtungi. Ndani akamkuta Sikudhani. Binti hakumwamkia mama yake. Alichukua kibuyu, akampaka mwanawe mafuta. Akampaka asubuhi, akampaka jioni, siku tano, siku kumi. Uvimbe ukashuka. Macho yakafunguka. Meupe, yote mawili, hayaoni kitu.

Kinda akapapasa, akakipata kibuyu magotini mwa bibi yake. Akakigusa kwa mdomo huku na huku.

"Bibi, dawa yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mjukuu wangu."

"Mbona ndogo? Si ingeenea popote?"

Bi Mashauo akainamisha shingo yake ndefu. Watu husema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa amekaa mbele yake, anapapasa kibuyu.

Tangu siku ile mtazameni Mbuni. Mabawa makubwa, manyoya tele, anayatikisa watu wayaone. Mwambie aruke.

Sasa sikilizeni, nawaambia waziwazi maana wengine humu hamwelewi mpaka mpigwe. Mzigo una uzito, na mzigo una mahali unapokaa, na mwenye mgongo ana haki ya kulipwa kwa kile kilichozidi. Ukitaka kutuma kitu, tuma kile kilichoombwa. Majani yaache kwako. Nani wa huko nyuma ameinamia mchele ghafla?

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyenuna na anune, kilemba chake anakijua mwenyewe.